Kwa Nini Nuru Amerudi na Gauni Jeupe

Aichi mwanangu,

Mchana uliniuliza kwa nini Nuru ametoka kanisani na gauni jeupe ambalo hujawahi kuliona, na mimi nikakujibu kwamba leo ni Jumapili. Lile halikuwa jibu. Ulinitazama, kisha ukaendelea kukunja nguo zako, na najua ulijua kwamba halikuwa jibu. Sasa umekwenda Levolosi kumuaga shangazi yako, mtoto amelala, nami nimekaa mezani na kalamu yako. Kesho alfajiri unapanda basi la Tabora, na najijua, pale stendi nitakuwa nasema funga sweta, shika begi, na neno lenyewe litabaki kooni. Ndiyo maana naandika. Utavumilia mwandiko. Shule niliachia darasa la nne, na tangu hapo nilichoandika kwa wingi ni majina ya watu wa jumuiya.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitaziandika. Nimekuimbia hizo wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, naenda chuo cha ualimu, siendi vitani." Nilicheka. Lakini moyo wangu uko kama mtu anayepeleka mwanawe vitani, na ninachokiogopa siyo mbu.

Ninaogopa mambo mawili, na ni jambo moja. Unaniachia mwanao Nuru hajabatizwa, miaka miwili sasa. Na wewe mwenyewe unaondoka, na nimeona ninapoombea chakula huwa hufumbi macho. Unatazama sahani tu mpaka nimalize. Utasema nimekuonaje kama mimi nilifumba. Basi sikufumba. Huwa nakuchungulia. Naogopa kwamba utakapofika huko utamwacha Yesu, na utakuwa umemwacha kwa sababu yetu sisi, na hasa kwa sababu yangu.

Niruhusu nirudi nyuma. Mengi unayajua, ulikuwepo. Ila uliyaona ukiwa upande wako, na upande wangu hujawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kusema.

Baba yako alipofariki nilikuwa mtu wa kukaa kitandani mchana. Wewe ulikuwa darasa la tano. Wanawake wa jumuiya ndio waliokuja kunitoa kitandani. Walifua nguo zetu, walipika, walikaa nami hata siku ambazo sikusema neno, na wanaume wao wakapanda wakamalizia bati za nyumba hii. Baadaye wakanichagua kuwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Mimi, mwanamke niliyeshuka kutoka mlimani bila kujua kusoma vizuri, watu wazima wakaanza kuniita mzee. Nilipenda sana, Aichi. Nilipenda kuketi mbele, nilipenda mchungaji akiniuliza, "Mzee, mtaa wako hawajambo?" Nakuandikia hili kwa sababu bila hili hutaelewa. Nilikuwa nimeshikwa mkono na watu wale nikiwa nazama, na niliogopa wakiuachia nitazama tena.

Kwa hiyo ulipopata mimba, mwaka ule uliomaliza kidato cha nne, jina lako nililipeleka mimi mwenyewe kwenye baraza la wazee. Sikusubiri wengine walilete. Nilidhani likitoka kinywani mwangu litaonekana la heshima kidogo. Yule kijana wa kinanda uliyemtaja akaitwa, akasema anakufahamu kwa sauti tu, kwenye kwaya. Wakamshukuru akaenda zake. Wewe ukaulizwa, na wewe hukuwa na la kukana, tumbo lilikuwa limeingia mlangoni kabla yako. Wakasema utengwe. Hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, na mtoto hatabatizwa mpaka siku utakaposimama mbele ya ibada na kutubu ndipo urudishwe kundini. Nilinyoosha mkono kukubali. Wazee wote walikuwa wameshanyoosha, hata usingehitajika mkono wangu. Niliunyoosha ili wauone.

Halafu ikaja siku ya mnada.

Ulikwenda peke yako shambani kwa babu yako kule juu, ukakata mkungu wa ndizi za mshare, ukashuka nao. Tumbo lilikuwa kubwa. Nilikuambia uache, aliyetengwa hadaiwi sadaka. Ukasema, "Meza wamenikataza, Mama. Kutoa hawajanikataza." Baada ya ibada tukatoka nje kama kawaida, na mzee Elisante akaanza kunadi vile walivyoleta watu wasiokuwa na fedha siku hiyo. Si unajua alivyo. Alimshika jogoo miguu akasema, "Huyu leo ameamka kabla ya wazee wa kanisa wote. Nani anampa makao?" Watu wakacheka, wakapandishiana bei, aliyemnunua akamzawadia mchungaji, tukapiga makofi. Mayai yakanunuliwa akapelekewa bibi mmoja mgonjwa. Mtindi niliununua mimi nikampa mke wa mwinjilisti. Ndivyo tunavyofanya, na siku hiyo ilikuwa siku nzuri, watu wana furaha.

Kisha akaunyanyua mkungu wako. Kila mtu alikuwa amekuona ukiingia nao. Akasema, "Mshare wa mlimani huu, haujaguswa na popo. Nani aanze?" Hakuna aliyetaja bei. Akarudia. Mama mmoja mbele yangu akafungua kanga yake akaifunga upya. Mtu kule nyuma, mpaka leo sijui ni nani, akasema, "Jamani, ndizi hazina dhambi," na kikatoka kile kicheko cha puani. Mzee Elisante akanitazama mimi. Alinipa nafasi, na nilijua ananipa nafasi. Fedha nilikuwa nazo mkononi. Nikawaza, nikinunua watasema namtetea, watasema uzee wangu ni wa upendeleo. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Akauweka kando. "Tutaurudia," akasema. Hawakuurudia.

Ukaunyanyua mwenyewe ukajitwisha ukatoka getini. Nami nikatoka nyuma yako. Njia nzima mpaka hapa Sakina wewe ulikuwa mbele na mimi nyuma, na katikati nilikuwa nimeacha nafasi ambayo wangeweza kutembea watu watatu. Ukipunguza mwendo, nami napunguza. Malori ya Nairobi yanapita, wewe mkono mmoja umeshika mkungu na mmoja umeshika tumbo. Pale kwenye duka la matairi ulisimama, ukageuka na shingo yote kwa sababu ya mzigo, ukaniuliza, "Mama, unanisindikiza au unanifukuza?"

Nikasema, "Twende, jua kali."

Nimewahi kufanya makosa makubwa kuliko hilo. Lakini hilo ndilo huwa linaniamsha.

Na ndizi zenyewe. Uliziweka kwenye ukuta wa jiko. Mimi kuzipika sikuthubutu, kwa maana nilivyolelewa, kilichotolewa kwa Mungu hakirudi kwenye sufuria yako. Kuzitupa nako sikuthubutu. Zikakaa. Zikaiva, zikaingia madoa, nzi wakahamia. Nilikuwa nikienda kuchukua unga napita nimegeuza uso, kama vile zitanisalimia. Unakumbuka fundi Shabani wa gereji ya jirani alivyochungulia juu ya ukuta akasema, "Mama Aichi, hapo mnafuga nzi au mnafanya utafiti?" Nikamwambia ni sadaka. Akasema, "Sadaka ya wapi inakaa jikoni?" Nikamwambia ya kanisani, haikupata mnunuzi. Akafikiri kidogo, akauliza bila utani, "Sasa kazikataa Mungu au wamezikataa watu?"

Wewe ukajibu kutoka ndani. "Watu, mjomba. Mungu hakuwepo mnadani."

Nilishtuka, nikataka nikukemee, lakini ulikuwa umeshatoka, umezibeba na unampitishia juu ya ukuta. Wale vijana wa gereji walizila pale pale na chai ya rangi, mikono imejaa grisi, na mmoja wao akapaza sauti, "Mwenye ndizi Mungu amzidishie." Ulicheka. Ilikuwa muda mrefu sijasikia kicheko chako. Mimi niliingia chumbani nikakaa.

Nimelifikiria sana neno lako lile. Nadhani ulikosea, mwanangu, ila kosa lenyewe tulikufundisha sisi. Alikuwepo. Alikuwa kule kando ulikowekwa mkungu, anangoja mmoja wetu aseme neno, na aliyekuwa na fedha mkononi ni mimi. Ukinihukumu kwa hilo sawa. Nakuomba tu usimhukumu yeye kwa hilo.

Kwa miaka mingi Yesu wangu mimi alikuwa mtu wa mbele. Yaani nikifumba macho nilimwona amekaa upande ule wa madhabahu, na kumkaribia ilikuwa ni kusogea benchi moja mbele, na nyingine, na nyingine. Nilipochaguliwa mzee nikajiona nimefika. Sikuwahi kujiuliza kama yeye huwa anakaa pale au huwa anazunguka. Wewe ukiwa darasa la kipaimara ulirudi siku moja na habari ya yule mwanamke aliyefumaniwa akakokotwa mpaka mbele ya Yesu, watu wameshika mawe. Ukaniuliza, "Na mwanamume alikuwa wapi?" Nikakuambia uache maswali ya kipuuzi, ukoroge uji. Aichi, umenifanya nisiweze tena kuisikia habari ile bila kumtafuta mwanamume yule. Na kuna jambo jingine wewe hukuliuliza, nimeliona mwenyewe. Yesu aliinama akawa anaandika chini. Watu wote wamemkodolea yule mama macho, yeye akatazama mavumbi. Huenda alimpunguzia macho. Halafu wale watu wakaanza kuondoka, na walioanza kuondoka ni wazee. Basi wale wazee walinizidi mimi. Mimi nilibaki na jiwe langu mpaka watu wakaenda kula.

Usidhani naandika ili uchukie kanisa letu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa na nakuambia wazi kwamba sijui. Ulipojifungua, aliyekuja wa kwanza na sufuria ya mtori alikuwa ni yule mama aliyefunga kanga yake upya. Alikukanda, alikulisha kwa mkono wake, akamshika Nuru akasema amefanana na baba yangu. Hakusema lolote kuhusu mnada. Mtu ni huyo huyo. Moyo ni huo huo mmoja, na vyote viwili vinakaa humo. Kwa hiyo siwezi kukuambia wale ni waovu wakimbie, wala siwezi kukuambia wale ni watakatifu warudie. Ninachokiona sasa ni kwamba kumfuata Yesu na kufuatana na watu wanaomfuata ni vitu viwili, ingawa njia ni moja na tunakanyagana miguu humo njiani. Mimi nilitazama sana visigino vya waliokuwa mbele yangu.

Na huko Tabora utakutana na wengi watakaotaka kukuuzia Yesu aliyefungashwa. Hapa napo wapo, na sikucheki wewe kabla ya kujicheka mimi. Ile chumvi mlangoni wakati una mimba, uliyoizoa na ufagio ukaniuliza ni nani kamwaga chumvi nzuri hivi chini, niliinunua kwa yule mhubiri wa hema. Alisema aibu itaondoka nyumbani. Nikaogopa kukuambia, na wewe kwa kutotaka hasara ukaipepeta ukaitia kwenye maharage. Tulikula upako wa watu wiki nzima na aibu ikabaki pale pale. Ningekuwa nimefanya lile dogo, kutembea kando yako barabarani, nisingehitaji chumvi. Lakini dogo lile lilikuwa zito kwangu, na chumvi ilikuwa nyepesi. Ukiona jambo la Mungu limekuwa jepesi sana kwako na halikugusi popote, jiulize.

Sasa nije kwenye gauni.

Unakumbuka mwezi uliopita tukichambua mboga nilikuambia, "Kabla hujaenda, si ungesimama tu, mama, siku moja, Nuru abatizwe?"

Ukasema, "Nikisimama niseme nini?"

"Useme umetubu."

"Nimetubu nini? Kumzaa Nuru sijatubu."

"Siyo mtoto. Ile dhambi."

"Ile dhambi tulikuwa wawili. Mwenzangu anapiga kinanda wakati mimi natubu? Ataniwekea na wimbo?"

Nikakuambia usifanye utani na mambo matakatifu. Ukaacha mboga ukaniambia polepole, na uliposema polepole ndipo nilipoumia: "Mama, mimi na Yesu tulishaongea habari hiyo zamani, kule chumbani. Alinisikiliza. Nyie ndio mnataka nirudie kwa kipaza sauti." Halafu ukaongeza kwamba siku hizi hata na Yesu huongei sana. Hilo la mwisho ndilo nililolala nalo.

Alhamisi nikaenda kwa mchungaji. Ni kijana mpole, hakuwepo wakati ule, na sina neno baya juu yake. Nilimwambia unaondoka, mtoto anabaki, na kila akipata homa mimi naogopa atakufa hajabatizwa. Akasema, "Mama, mimi nafuata utaratibu niliokuta." Nikalia pale ofisini. Akafikiri, akasema kuna njia. Kama mimi nitasema kwamba nimemchukua mtoto, kwamba mlezi ni mimi na yeye ni wa nyumba yangu, nitamleta kama wangu na hakuna atakayemuuliza mama yake. Jina lako halitasomwa. "Jumapili hii kuna ubatizo," akasema. "Mlete."

Nilirudi nimefurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikaazima gauni kwa shangazi yako. Nikajua Jumapili utakuwa unapanga mizigo, hutakuja, na nikawaza nitakuambia baadaye kwa simu ukiwa umeshazoea huko, na wewe utasema haya basi, yameisha. Nilijiambia namfanyia Nuru. Nilikuwa nampeleka mtoto kwa Yesu.

Asubuhi nilimvalisha gauni tukiwa tumefika kanisani, kule nyuma vyooni, kama mtu anayeiba. Alikuwa anacheka, ananiuliza mimi bibi yake, "Koko, harusi?" Nikamwambia ndiyo, harusi. Tukaenda mbele, watoto walikuwa watano, kila mmoja na wazazi wake. Kinanda kinapigwa na unajua ni nani anapiga. Nilimtazama mara moja. Ameinamisha kichwa kwenye vitufe, na Nuru mkononi mwangu ana paji lile lile la uso. Kama hakuliona basi ni kwa kutotazama.

Mchungaji akafika kwetu. Akauliza kama alivyowauliza wengine, kwa sauti, "Nani anamleta mtoto huyu?"

Nilikuwa nimejizoeza. Ninamleta mimi, ni wa nyumba yangu. Maneno machache. Nikafungua kinywa, na nikaona wazi kabisa ninachotaka kufanya. Nilikuwa nataka kumwingiza mtoto kanisani kwa kumfuta mama yake. Nilikuwa nainama tena kutafuta kitu kwenye mkoba. Na yule ambaye nasema nampelekea mtoto, yeye mwenyewe alizaliwa na msichana ambaye watu walikuwa wanamsengenya, na sijasikia popote kwamba alikubali mama yake asitajwe.

Nikasema, "Ni mtoto wa Aichi, binti yangu. Yuko nyumbani anapanga nguo, kesho anakwenda chuo."

Kinanda kilikosea. Siyo kukosea sana, noti moja hivi, kikaendelea. Mchungaji akasogea akaniambia kwa kunong'ona, "Mama, hatukukubaliana hivyo." Nikamwambia, "Najua, baba. Nisamehe. Sikuweza." Akasimama pale. Nilimwona anahangaika, maskini, kanisa zima linamtazama, wazee wenzangu wanamtazama. Na Nuru hana habari, ameona maji kwenye beseni, akainama kutoka kiunoni kwangu akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akajipaka usoni, akanipaka na mimi shavuni, akacheka kwa sauti. Mchungaji akalisogeza beseni taratibu. Hakukasirika. Akamwekea mkono kichwani akamwombea baraka tu, kama wanavyoombewa watoto wageni, akaenda kwa mtoto aliyefuata. Tukarudi kukaa.

Sisemi amebatizwa. Usije ukadhani mama yako ameanza dini yake. Mtoto anapenda maji, ndivyo alivyo, hata karai la vyombo halipiti salama. Nakuambia tu yaliyotokea, kwa sababu utapigiwa simu, na napenda uyasikie kwangu kwanza.

Nilipotoka nje hakuna aliyenikaripia. Mzee Elisante alinisalimia kama kawaida. Wengine walipita pembeni. Jumamosi kuna baraza, na nadhani nitaulizwa, na sijui nitajibu nini wala sijui kama baada ya hapo nitaitwa mzee. Tangu mchana nasikia hofu ile ya zamani, ya mkono kuachiwa. Sikudanganyi kwamba nina amani. Nimewasikia watu wakishuhudia kwamba walifanya lililo sawa wakapata amani. Mimi nimefanya ninalodhani ni sawa na bado nahesabu siku za kufika Jumamosi.

Na Nuru bado hajabatizwa. Akipata homa nitaogopa vile vile. Usiku mwingine nitakulaumu, najijua, nitasema moyoni kwamba kiburi chako na kiburi changu vimemweka mtoto mlangoni. Halafu nitakumbuka kwamba hao waliokuwa wanazuia watoto wasimfikie Yesu aliwakemea wao, hakuwakemea watoto. Nitashikilia hapo. Ndipo penye kamba ya kunivuta nisizame.

Sikuombi usimame mbele ya watu. Sitakuomba tena, na nimeiambia na midomo yangu isisahau. Siku ukiona wewe mwenyewe unataka kusimama, kwa ajili yako na yeye, utanikuta. Siku ukiona hapana, utanikuta vile vile. Neno la ubatizo wa Nuru ni lako, wewe ndiye mama yake, sitalisema bila wewe. Ninachokuomba ni kimoja, nacho ni kidogo, halafu ni kikubwa. Ukifika huko, ukiwa peke yako, mwambie Yesu ukweli kwamba umetukasirikia. Mwambie majina yetu, uanze na langu. Usimnunie yeye kwa ajili yetu. Ulisema zamani alikusikiliza chumbani. Basi hata Tabora chumba kipo.

Nasikia geti, nadhani ni wewe. Gauni nimelifua, liko kwenye kamba nyuma, shangazi yako atalifuata mwenyewe. Barua hii naiweka chini kabisa ya begi, chini ya shuka, uikute ukishafika, maana nikiiacha juu utaisoma njiani na utashuka Singida urudi kunigombeza.

Jumapili ijayo nitakwenda na Nuru kama leo, na kila Jumapili. Mtu akiniuliza huyu mtoto ni wa nani, nitamjibu ni wa Aichi.

Mama yako